Deni la Mwanachuoni

Husemwa mara kwa mara, hasa katika sherehe za kutoa shahada, kwamba aliyesomeshwa ana deni. Neno hili limezoeleka hata limepoteza makali yake. Msemaji hulitamka, wasikilizaji hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi kwake pasipo kuuliza mdai ni nani, deni hulipwa kwa sarafu gani, na hulipwa wapi. Mkopaji wa kawaida, aliyechukua pishi ya mchele dukani, hana bahati kama hiyo. Jina lake limo daftarini, kiasi chake kimeandikwa, na mwenye duka anamjua kwa sura. Deni la elimu peke yake ndilo hukubaliwa na wote na lisidaiwe na yeyote.

Kama yupo mtu wa zama za karibu aliyelichukua deni hilo kama mkopaji wa mchele alichukuavyo lake, yaani kitu chenye kiasi, chenye mdai na chenye siku ya kulipwa, mtu huyo ni Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha Dar es Salaam na kuuawa mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980, umri wake ukiwa miaka 38. Wengi humkumbuka kwa kitabu kimoja na kwa kifo chake. Kitabu ni mashuhuri na kifo kilikuwa cha kutisha, walakini swali gumu la maisha yake limo mahali pengine. Limo katika safari zake: katika kule kwenda, kurudi, na kuondoka tena mahali alipokuwa amepokewa vizuri.

Alizaliwa tarehe 23 Machi 1942, katika koloni lililokuwa likiitwa British Guiana, pwani ya kaskazini ya Amerika ya Kusini. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake mshonaji. Siasa haikuwa kitu cha mbali nyumbani mwao. Baba alikuwa mfuasi wa chama cha Cheddi Jagan, na mtoto alipata kugawa karatasi za chama hicho wakati wa uchaguzi wa 1953. Chama kilishinda, kikatawala siku 133, kisha Waingereza wakaitangua katiba na kuleta askari. Mtoto wa miaka 11 aliyeyaona hayo hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba kura ni kitu kimoja na mamlaka ni kitu kingine.

Alipata nafasi katika Queen's College, shule kubwa ya wavulana ya Georgetown. Mwaka 1960 akashinda msaada wa masomo wa kwenda Chuo Kikuu cha West Indies kilichoko Mona, Jamaika, akatoka mwaka 1963 na daraja la kwanza katika historia. Akaenda London, na mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 24, akapewa shahada ya udaktari. Ngazi hizi alizipanda haraka, na mwandishi wa sifa angetosheka kuzihesabu. Yafaa kuhesabu pia waliozishika zisianguke. Koloni lile liliishi kwa sukari na kwa madini ya boksiti. Senti zilizojenga shule na kulipa walimu zilitoka katika jasho la wakata miwa na wachimba madini, ambao watoto wao kwa kawaida hawakuuona mlango wa Queen's College. Basi mdai alikuwa na sura tangu mwanzo, na msomi aliyetaka kumwona hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Aghalabu msomi hapendi kutazama upande huo, wala si kwa ubaya wa moyo. Shule yenyewe humfundisha kwamba alifika kwa akili zake, na akili ni zake kweli. Ni wachache wanaoweza kushika mambo mawili pamoja: kwamba kipawa ni cha mtu mwenyewe, na kwamba nafasi ya kukitumia alinunuliwa na wengine.

Mwanzoni mwa 1968, baada ya kufundisha Dar es Salaam kwa muda, Rodney alirudi Mona kuwa mwalimu wa historia. Mchana alifundisha darasani. Baada ya hapo alishuka kwenye vitongoji vya mabati vya Kingston, akakaa chini pamoja na watu wasio na kazi, na wafuasi wa Rastafari waliodharauliwa na kila mwenye tai shingoni, wakazungumza habari za Afrika. Hapakuwa na mimbari wala kiti cha mgeni rasmi. Wenyeji walikuwa na neno lao la kikao cha namna hiyo. Mswahili angekiita baraza, na angekielewa mara moja, kwa kuwa barazani mwenye elimu na asiye nayo hukalia mkeka mmoja, na aliyezidi kusema huambiwa apumzike. Serikali ya Jamaika ilikiogopa kikao hicho kuliko hotuba yoyote. Tarehe 15 Oktoba 1968, Rodney aliporudi kutoka mkutano wa waandishi weusi uliofanyika Montreal, alizuiwa kushuka katika ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana, watu wa mjini wakajiunga nao, na ghasia zilizofuata zilipoteza roho za watu na mali nyingi. Maneno aliyoyasema katika vikao vile na mikutanoni yalitolewa kuwa kitabu mwaka 1969, The Groundings with My Brothers.

Hapa huzuka shaka ambayo mwanachuoni mwangalifu ana haki ya kuitoa. Je, mwalimu aingiaye katika ugomvi wa mjini haiharibu elimu yake? Kazi ya elimu ni kutafuta ukweli, na ukweli hauna chama. Aliyekwisha kuchagua upande atauona ushahidi wa upande wake na kuupofukia wa upande wa pili. Shaka hii si ya watu waoga tu. Historia ina mifano mingi ya wasomi walioanza kwa kutetea wanyonge na wakaishia kutetea uongo.

Lakini shaka hupimwa kwa matendo, na matendo ya Rodney yako katika maandishi. Utafiti wake wa London ulihusu pwani ya Guinea ya Juu, huko Afrika ya Magharibi, kati ya 1545 na 1800, nao ulichapwa Oxford mwaka 1970. Ili kuuandika alijifunza Kireno na Kihispania, akazisoma hati za Lisbon, Sevilla na Roma, zilizoandikwa na wafanyabiashara na mapadri ambao babu zake walikuwa bidhaa machoni mwao. Mtu mweusi mwenye hasira, aliyetaka kuwafurahisha ndugu zake, angeandika kwamba Mzungu alikuja na pingu na Mwafrika akafungwa, basi. Rodney aliandika jambo chungu zaidi. Alionyesha kwamba watawala wa pwani ile walishirikiana na wanunuzi, kwamba sheria za kienyeji zilipotoshwa ili makosa madogo yazae watumwa, na kwamba aliyeuzwa kwa kawaida alikuwa mtu wa chini, si mkubwa. Alisema pia, katika makala ya 1966, kwamba aina nyingi za utumwa zilizoonekana katika pwani hiyo baadaye zilikuwa tunda la biashara ya ng'ambo, wala hazikuwa asili yake. Wanahistoria wengine, J. D. Fage akiwa mmoja wao, walipinga fundisho hilo au walilipunguza, na mjadala uliendelea baada yake. Huo ndio mwendo wa elimu. Upande aliouchagua haukumfumba macho. Ulimwonyesha mahali pa kutazama. Aliwatafuta waliouzwa, na alipowatafuta aliwaona na waliowauza, weupe na weusi.

Dar es Salaam ilimpokea tena mwaka 1969. Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, na Mlimani palikuwa pakichemka. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe na Afrika Kusini walikuwa na ofisi mjini. Wanafunzi walikuwa na chama chao cha kimapinduzi, USARF, na jarida lao, Cheche, na waliamkia darasa la siasa siku ya Jumapili wakati wenzao wamelala. Rodney alifundisha historia na kuzungumza na vijana hawa kama mwenzao. Mgeni siku mbili, husema Waswahili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alilidai jembe siku ya kwanza.

Lakini aliyepewa jembe bado hajapewa nafasi katika kikao cha ukoo. Desemba 1969, baada ya Rodney kutoa hotuba katika semina ya vijana juu ya mapinduzi ya Afrika, gazeti la TANU, The Nationalist, lilimkemea kwa tahariri kali, likiyahesabu maneno yake kuwa porojo za mapinduzi. Novemba 1970 chama cha wanafunzi kilifungwa, na Cheche pamoja nacho. Yeye mwenyewe hakufukuzwa, na hakuna dalili kwamba alichukia. Aliendelea kuisifu siasa ya Ujamaa mahali alipoona inastahili, na kuikosoa kwa adabu. Pengine alikosoa kwa adabu mno. Lakini adabu ya mgeni ni jambo ambalo mwenyeji hana haki kubwa ya kulipima.

Kazi kubwa ya miaka hiyo ni kitabu kilichotolewa mwaka 1972 na Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, How Europe Underdeveloped Africa, ambacho A. M. Babu alikiandikia maneno ya mwisho. Hoja yake yajulikana: kwamba umaskini wa Afrika na utajiri wa Ulaya si hadithi mbili bali ni hadithi moja, na kwamba hali ya kubaki nyuma si ya asili, ilitengenezwa. Yaliyo muhimu kwa swali la deni ni umbo la kitabu. Mtu aliyeandika udaktari wenye msitu wa tanbihi sasa aliziacha tanbihi, na mwisho wa kila sura akaweka maelezo mafupi ya vitabu vya kusoma. Alisema waziwazi katika dibaji kwamba hawaandikii wale waliojipa kazi ya kupima elimu kwa vipimo vya watawala, bali Waafrika wanaotaka kujua jinsi walivyonyonywa. Baadhi ya wasomi wenzake walilalamika kwamba kitabu kinapita haraka juu ya mambo makubwa. Walisema kweli. Karne tano katika kurasa mia chache hupita haraka. Lakini aliyelalamika alikuwa na maktaba, na kitabu kilikuwa cha asiye nayo.

Kisha, mwaka 1974, Rodney aliondoka. Alikuwa na kazi, na wanafunzi waliompenda, na jina. Binti zake wawili, Kanini na Asha, walizaliwa Tanzania. Hakuna aliyemfukuza. Kwa nini mtu aliyepata mahali pa kulipa deni lake ahame?

Jibu lake alilitoa katika mazungumzo marefu yaliyofanyika Marekani mwaka 1975 na kuchapwa baada ya kufa kwake, na kwa mwenye kusema Kiswahili ni jibu la kustaajabisha. Alieleza kwamba kufundisha chuoni aliweza, lakini kushiriki kwa shina katika maisha ya watu kulihitaji kitu asichokuwa nacho na ambacho hakingepatikana kwa miaka michache: kuijua lugha yao na mwenendo wao mpaka kwenye mzaha, na kuweza kwenda sokoni kupatana bei kwa namna ya Waswahili pasipo kujulikana kuwa ni mgeni.

Aliyepata kununua kitambaa au samaki sokoni Kariakoo anaujua uzito wa sharti hilo. Kupatana bei si hesabu. Kuna salamu kwanza, na salamu ina daraja zake: nani aamkiwe shikamoo, nani aulizwe habari za nyumbani. Kuna bei ya kutajwa ambayo muuzaji na mnunuzi wote wawili wanajua kwamba si bei. Kuna mshangao wa uongo, kuna kicheko, kuna kuondoka hatua tatu huku sikio limebaki nyuma likingoja kuitwa. Hupita fumbo katikati, na asiyelifumbua hulipa. Mgeni aweza kujifunza majina ya samaki wote wa pwani hii na bado akauziwa kwa bei ya mgeni, kwa sababu sauti yake imetangulia kumshtaki. Rodney aliona kwamba siasa ya kweli ni ya jinsi hii. Mtu hashawishiki kwa hoja tupu. Hushawishiwa na anayemjua, anayecheka mahali anapocheka yeye, anayejua lipi halisemwi mbele ya wazee. Asiyeweza haya aweza kuwa rafiki wa watu, mwalimu wao, hata mfadhili wao. Hawezi kuwa mwenzao katika jambo la hatari.

Sharti hili lina ukali ambao huenda mwenyewe hakuukusudia. Yeye alijitoa kwa kuwa Kiswahili chake hakikutosha. Je, isemwe nini juu ya mwanachuoni mzaliwa, ambaye sokoni hupatana bei kwa ufasaha wa ajabu, akacheka na kufumbua mafumbo yote, kisha hupanda ofisini na kuandika kila alichokigundua juu ya watu wa soko lile kwa Kiingereza, katika majarida ambayo muuza samaki hatayaona hata yakifungiwa samaki? Mgeni alikosa lugha, akaona haya, akaenda inakopatikana yake. Mwenyeji anayo, na huiacha mlangoni pamoja na viatu. Ni vigumu kusema kwamba wa pili amekaa karibu na wadai wake kuliko wa kwanza.

Hata hivyo jibu la Rodney halistahili kupokewa lote bila kuulizwa. Kama ni kweli kwamba deni hulipwa tu mahali mtu anapoweza kupatana bei, basi miaka ya Dar es Salaam ilikuwa maandalizi, na malipo yalianza Georgetown. Mambo yalivyotokea yanapinga hesabu hiyo. Kitabu alichokiandika akiwa mgeni Mlimani kimesomwa na vijana wa Afrika kuliko chochote alichoandika kwao. Vijana waliomsikiliza waliendelea kubishana, wengine pamoja naye na wengine dhidi yake, kwa muda wa miaka hamsini. Yaelekea ukweli ni kwamba alikuwa sahihi katika jambo la kuongoza, na alijidhulumu katika jambo la kufundisha. Kiongozi huhitaji kuwa mwenyeji. Mwalimu huhitaji kuwa mkweli, na ugeni wakati mwingine humsaidia kuona kile ambacho mwenyeji amekwisha kukizoea.

Alipofika kwao mwaka 1974, uprofesa wa historia aliokuwa amekubaliwa katika Chuo Kikuu cha Guyana ulizuiwa kwa amri ya watawala. Waziri Mkuu alikuwa Forbes Burnham, na hapa ndipo habari ya Rodney inapokuwa ngumu kwa yeyote aliyezoea kugawa siasa katika mkono wa kushoto na mkono wa kulia. Burnham hakuwa kibaraka wa kawaida. Aliitangaza nchi yake kuwa jamhuri ya ushirika mwaka 1970, akataifisha boksiti na sukari, akasaidia vyama vya ukombozi vya Afrika, na mwaka 1975 akaziruhusu ndege za Cuba zilizokwenda Angola zitue Guyana. Katika miji mikuu ya Afrika jina lake lilitajwa kwa heshima. Nyumbani aliiba kura, aliwatia askari wake hofu mioyoni mwa watu, na chakula kilipokosekana aliwapa hotuba za ujamaa. Mtu wa kulia angempinga kwa urahisi. Mtu wa kushoto alipaswa kuchagua: ayapende maneno aliyokuwa akiyapenda siku zote, au awapende watu ambao maneno hayo yalikuwa yakitumiwa kuwanyamazisha. Wengi wa nje walichagua maneno. Rodney alichagua watu, na kwa kufanya hivyo akapoteza marafiki ambao alihitaji sana kubaki nao.

Alikataa kuhama. Alikwenda nje kufundisha kwa muda mfupi mfupi, Marekani na Ujerumani, apate fedha za kulisha nyumba, kisha akarudi. Pamoja na wengine, kama Eusi Kwayana, mzee wa siasa ambaye alikwisha kulitupa jina lake la Kiingereza na kujipa hilo la Kiswahili, aliimarisha chama cha Working People's Alliance. Mapambano makubwa ya chama hicho yalikuwa juu ya mgawanyo wa rangi. Guyana ina watu wa asili ya Afrika, wajukuu wa watumwa, na watu wa asili ya India, wajukuu wa vibarua takriban 239,000 walioletwa kwa mikataba kati ya 1838 na 1917. Vyama vikubwa viwili viliishi kwa hofu ya jamii moja kuiogopa nyingine. Katika mikutano ya Rodney Waafrika na Wahindi walisimama pamoja, na hilo liliwatisha watawala kuliko silaha.

Usiku, na katika saa alizobakiza, aliandika. Kitabu cha historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905 kilitoka mwaka 1981, mwandishi amekwisha kuzikwa, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo la Beveridge na chama cha wanahistoria wa Marekani. Kinaanza na tope. Pwani ya Guyana iko chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa, na haiwezi kulimwa isipokuwa kwa kuta na mifereji. Rodney alichukua makisio ya tume moja ya sukari ya 1948, akaonyesha kwamba watumwa, kwa mabeleshi mikononi, walihamisha udongo mzito uliojaa maji usiopungua tani milioni 100 ili kuijenga nchi hiyo, kabla hata ya kupanda muwa mmoja. Kisha akaonyesha jinsi wajukuu zao na vibarua wa Kihindi walivyogombana, kwa kiasi kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na walivyokutana katika shida zile zile. Huko nyuma tulikwisha kuuliza deni hulipwa kwa sarafu gani. Kurasa hizi ni jibu: wakata miwa walilipa shule ya mtoto wa fundi cherehani, naye akawarudishia habari zao wenyewe, zimehesabiwa vizuri. Alianza pia vitabu vya hadithi kwa watoto, kimoja juu ya mtoto wa Kiafrika na kimoja juu ya mtoto wa Kihindi, ili kila mmoja asome safari ya babu wa mwenzake. Wasomi wakubwa hawapendi kulipa kwa chenji ndogo namna hiyo.

Julai 1979 jengo la serikali, lililokuwa na ofisi ya chama tawala, liliteketea kwa moto. Rodney na wenzake wakashtakiwa kulichoma. Siku chache baada ya moto, padri Bernard Darke, mpiga picha wa gazeti la Kikatoliki, alichomwa kisu akipiga picha za maandamano, akafa. Baada ya hapo hapakuwa na mtu Guyana aliyeweza kusema kwamba hajui hatari. Mwaka 1980, kesi ikiwa bado inamkalia, Rodney alitoka nchini kwa siri, akahudhuria sherehe za uhuru wa Zimbabwe, kisha akarudi Georgetown.

Kurudi huko ndiko kunakostahili kuhojiwa. Alikuwa na mke, Patricia, na watoto watatu. Mtu aweza kulipa deni kwa elimu yake, kwa kazi yake na kwa starehe yake, kwa kuwa hizo ni mali zake. Anapolipa kwa maisha yake analipa kwa mali ya ubia. Wenye hisa wengine wamo nyumbani, na aliye mdogo hajui hata kama aliulizwa. Wanaomsifu Rodney kama shujaa hulipita jambo hili haraka. Hata hivyo wanaomlaumu hulisahau lingine, nalo ni kwamba hakwenda kutafuta kifo. Aliamini kwamba angeishi. Alikuwa na kitabu mezani, chama cha kujenga na kesi ya kushinda. Aliyepanga afe ni mwingine, na hatari ikiwa imetengenezwa na mtu, hesabu yake huanza kwa aliyeitengeneza.

Jioni ya tarehe 13 Juni 1980, Rodney alikuwa ndani ya gari pamoja na ndugu yake Donald. Walikuwa wamepokea simu ya upepo kutoka kwa Gregory Smith, aliyekuwa sajini wa jeshi na fundi wa mitambo hiyo, ambaye walimwamini. Waliambiwa waijaribu. Ndani yake lilikuwamo bomu. Walter alikufa na Donald akajeruhiwa. Smith alitoroshwa hadi Guyana ya Kifaransa, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka 2002, pasipo kusimama mahakamani. Uchunguzi wa 1988 uliamua kwamba kifo kilikuwa mkasa. Tume iliyoundwa mwaka 2014 ilisikiliza mashahidi na mwaka 2016 ikatoa taarifa kwamba Smith alisaidiwa na vyombo vya dola, na kwamba jambo hilo lisingefanyika pasipo Burnham kulijua.

Mwaka 2021 serikali ya Guyana ilitangaza kwamba cheti cha kifo chake kitasahihishwa. Mahali pa sababu ya kifo pangeandikwa kwamba aliuawa. Mahali pa kazi pangeandikwa profesa, badala ya neno lililokuwapo kwa miaka 41, kwamba marehemu hakuwa na kazi.